Kipimo cha Mgongo

Siku Chiriku alipotolewa darasani kwake, baba yake hakwenda kugombana na mwalimu mkuu. Alikwenda moja kwa moja chuoni kwa dada yake, akapanda ngazi mbilimbili, akasukuma mlango wa ofisi bila kubisha, na kabla hata ya salamu akasema, "Nyie watu mna akili kweli?"

Dada mtu alikuwa anasahihisha mitihani. Alikuwa mhadhiri wa saikolojia, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti inayofika mwisho wa korido bila msaada wa kipaza sauti. Akaweka kalamu chini.

"Nyie akina nani?"

"Nyie wa hapa! Mtoto wangu anasoma, anahesabu, anaongea mpaka tunamwomba apumzike. Leo naambiwa hana uwezo wa kujizuia. Kisa? Kageuka!"

"Kageuka vipi?"

"Kageuka nyuma, dada. Kakalishwa kwenye kiti, mtu kasimama nyuma yake, kaambiwa asigeuke. Kageuka. Basi, imetoka hiyo. Kahamishiwa darasa la utulivu, wanakofundishwa kukaa. Kukaa! Nimeuliza huo mtihani umetoka wapi, naambiwa chuoni kwenu."

Mhadhiri alitamani kubisha, lakini angebisha nini? Mtihani ulitoka kwao, tena ulitoka mlango wa tatu kutoka mlango wake. Uliitwa Kipimo cha Mgongo. Mtoto anakaa akiwa amempa msimamizi mgongo. Nyuma yake msimamizi anatia ufunguo gari la kuchezea, linakereza, linavuma, linazunguka sakafuni. Mtoto ameambiwa asigeuke mpaka aitwe. Asiyegeuka anaandikwa kuwa anajiweza. Anayegeuka anaandikwa kuwa hajiwezi, na kuanzia hapo anatazamwa kwa jicho hilo.

Aliyekibuni alikuwa Profesa. Miaka mingi nyuma aliwapima watoto kwa njia hiyo, akawafuatilia mpaka wakawa wakubwa, akakuta wale wasiogeuka walifaulu shuleni kuliko wenzao. Makala yake ilimpandisha juu kama moshi. Akaalikwa huku na kule, akavishwa joho, picha yake ikatundikwa kwenye ngazi za idara. Kisha watu wa elimu wakakichukua Kipimo wakakiingiza mashuleni, na hakuna aliyeuliza swali dogo ambalo hata fundi redio huuliza anapoletewa redio inayodaiwa kupona: hebu iwashe tena tuone.

Na huyu mhadhiri mwenyewe? Alikuwa anakifundisha. Kila muhula alisimama mbele ya wanafunzi akachora kiti, akachora mtoto, akachora gari. Siku hiyo, mdogo wake alipoondoka bila kuaga, alikaa akiutazama ubao wake mweupe, na hasira aliyokuwa nayo hakujua aielekeze wapi. Alianza na yeye mwenyewe, kisha akaona si haki abebe peke yake. Akainuka akaenda mlango wa tatu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Kaa." Profesa alimlea kimasomo tangu akiwa mwanafunzi asiyejua kushika mjadala. Alikuwa mzee mtanashati, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia ya kufuta miwani yake wakati mwenzake anazungumza.

"Nataka kukuuliza. Kipimo cha Mgongo kimewahi kurudiwa? Yaani mtu mwingine, watoto wengine, akafanya vilevile akaona kama atapata ulichopata wewe?"

Profesa alicheka, akafuta miwani. "Kwa nini kirudiwe? Matokeo si yapo?"

"Yapo mara moja."

"Binti yangu, nikupe ushauri wa bure. Sayansi inakwenda mbele. Umemwona nani amepewa uprofesa kwa kurudia kazi ya mwenzake? Utaomba fedha useme unataka kufanya kilichokwisha kufanywa? Watakucheka. Tafuta jambo lako jipya, una kipaji."

"Mtoto wa mdogo wangu ametolewa darasani kwa sababu ya jambo lako jipya."

Miwani ilisimama. "Pole. Watoto wote wa watu huumia kidogo wanapopangwa. Lakini usifanye sayansi kwa uchungu wa familia."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angetukanwa. Alitoka pale meno yameumana, na kabla hajafika ofisini kwake alikuwa ameshaamua. Angekirudia. Angekirudia hatua kwa hatua, kiti kwa kiti, na kama angekuta Profesa ana haki, angekwenda kumwomba radhi na kumwambia mdogo wake anyamaze. Hilo alilisema kwa moyo mweupe. Aliandika mapema atakachofanya na atakachokihesabu kuwa ni jibu, akakibandika mlangoni kwake wazi, ili baadaye asije akajidanganya kwa kubadili goli mpira ukiwa umeshapigwa.

Ndipo jina la utani likazaliwa. Kwenye chumba cha chai walianza kumwita Bibi Marudio. "Bibi Marudio, umerudia kula leo?" "Bibi Marudio, chai umeonja mara moja tu, una uhakika ni tamu?" Aliwacheka usoni, kwa sababu utani mwingine ulikuwa mzuri kweli, lakini chini ya kicheko damu ilikuwa inachemka. Watu hawa hawa, wenye shahada zilizotundikwa ukutani, wasingenunua hata kiatu bila kujaribu miguu yote miwili. Watoto wa watu ndio walionunuliwa kwa mguu mmoja.

Aliwapata wanafunzi wawili wa uzamili walioambiwa na wenzao kwamba wanapoteza muda. Akapata shule zilizokuwa hazijaanza kutumia Kipimo. Wakapima watoto wengi kuliko wa Profesa, kisha wakasubiri mwaka mzima waone nani amefaulu na nani ameshindwa. Walimu waliosahihisha kazi za watoto hao hawakuambiwa nani aligeuka na nani hakugeuka.

Mwaka ni mrefu kwa mtu anayesubiri majibu, na ni mrefu zaidi kwa mtoto aliyewekwa darasa la kukaa. Kila alipokwenda nyumbani kwa mdogo wake aliulizwa swali lile lile.

"Bado, dada?"

"Bado. Nikiharakisha nitafanya walichofanya wao."

"Wao waliharakisha na wanasikilizwa. Wewe unajivuta, mwanangu anaozea kule."

Wifi yake alikuwa mpole zaidi, naye ndiye aliyemuumiza zaidi. Alimtengea chakula, akamwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, siku hizi hasimulii tena mambo ya shule. Namuuliza leo mmefanya nini, ananiambia tumekaa."

Majibu yalipokuja, yalikuja bila kificho. Waliogeuka na wasiogeuka walifaulu sawasawa. Hapakuwa na tofauti ya kushika mkononi. Wanafunzi wake wawili walirukaruka kwa furaha, yeye akaketi. Hakuwa na furaha yoyote. Kama hakuna tofauti, basi Profesa aliiona wapi?

Akamwendea, akamwomba kanda za video za jaribio la kwanza. Profesa alimpa zote bila kusita, na hilo lazima lisemwe kwa heshima yake: hakuwa mwongo, wala hakuwa na cha kuficha. Alikuwa na uhakika tu, na mtu mwenye uhakika ni mgumu kumshughulikia kuliko mwongo.

Mhadhiri alifunga mlango akatazama. Kiti. Mtoto. Gari likavuma. Mtoto wa kwanza hakugeuka, alitikisa miguu akacheka, akasema, "Mwalimu, ni lile gari jekundu la kwetu?" Mtoto aliyefuata aligeuza shingo mara moja, macho yamemtoka, akamtazama yule mwanamke aliyesimama nyuma yake kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Mwingine tena hakugeuka, aliimba. Mwingine akageuka, akaanza kulia.

Alisimamisha picha. Mwalimu? La kwetu?

Haikumchukua muda. Jaribio lilifanyika kwenye shule ya chekechea ya watoto wa wafanyakazi wa chuo, ile iliyokuwa nyuma tu ya ofisi za idara, kwa sababu ilikuwa karibu na Profesa hakupenda kutembea juani. Nusu ya watoto walikuwa wa pale pale. Walikuwa kwenye chumba chao, na gari lao, na aliyesimama nyuma yao alikuwa mwalimu wao wa kila siku, aliyewafungia kamba za viatu asubuhi. Wangegeuka kumtazama nani? Nusu nyingine waliletwa kwa basi kutoka mitaa ya mbali, wakakalishwa kwenye chumba wasichokijua, mtu wasiyemjua akasimama nyuma ya visogo vyao akaanza kukereza chuma. Waligeuka. Mtu mzima yeyote mwenye akili timamu angegeuka!

Na miaka ilipopita, watoto wa wahadhiri, wenye vitabu nyumbani na baba wa kuwaelekeza hesabu, wakafaulu. Wa mitaani wakasuasua. Profesa akajumlisha akasema: kumbe siri ni kujizuia.

Mhadhiri alipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Profesa na waliomfuata walichukua tofauti ya mtoto wa mwenye nacho na mtoto wa asiye nacho, wakaipaka rangi, wakaiita tabia. Na kwa ujinga ambao ungegunduliwa na mtu wa kwanza kabisa ambaye angehangaika kurudia, maelfu ya watoto walikuwa wamekalishwa kwenye viti kama adhabu.

Alirudi kwenye shule zile zile na wanafunzi wake, wakawapima watoto wengine kwa njia mbili: wengine na mwalimu wao, wengine na mgeni. Kwa mwalimu wao, waliogeuka walikuwa wa kuokoteza. Kwa mgeni, karibu wote waligeuka. Akaandika makala, akaituma kwenye jarida lile lile lililomtukuza Profesa. Wakamjibu kwa ustaarabu kwamba kazi ni safi ila haina jambo jipya.

"Haina jipya?" aliwafokea wanafunzi wake, wasiokuwa na hatia yoyote. "Kama haina jipya maana yake walikuwa wanajua! Walijua wakanyamaza? Au hawakujua, na sasa wakijulishwa wanasema si jipya? Wachague moja!"

Ilibaki kamati ya elimu, ile iliyoingiza Kipimo mashuleni. Mwisho wa mwaka ilikuwa inakaa kuamua kama Kipimo kiendelee, na watoto wa darasa la utulivu wabaki humo au warudi kwa wenzao. Aliomba nafasi, akapewa. Mdogo wake alimpigia simu asubuhi hiyo. Hakusema mengi. "Dada, leo mtoe mwanangu."

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na feni iliyokuwa ikilalamika. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye adabu na haraka zake. Profesa alikaa upande wa pili, suti imenyooka. Mhadhiri alieleza kila kitu taratibu, akawaonyesha kanda, mtoto anayecheka na mtoto anayelia. Wajumbe wawili watatu walikaa vizuri kwenye viti. Akaona yameanza kuingia.

Profesa alisimama. Hakumtukana. "Namshukuru binti yangu kwa bidii yake. Mnisamehe nikisema ana mtoto wa ndugu yake kwenye jambo hili. Mimi sina. Kipimo kimetumika miaka mingi, walimu wanakipenda, madarasa yametulia."

"Yametulia kwa kuwa watoto wanaogopa!" mhadhiri alisema.

"Tafadhali," mwenyekiti alisema. "Mimi nina swali dogo. Utafiti wako huu, daktari, umeufanya wewe tu, siyo?"

"Mimi na wanafunzi wangu, ndiyo."

"Na umetuambia hapa kwamba utafiti mmoja hautoshi kuamulia maisha ya watoto."

Chumba kikacheka kidogo. Mhadhiri alihisi damu ikimpanda masikioni, kwa sababu swali lilikuwa halali. Lilikuwa swali lake mwenyewe. Asingeweza kulikana bila kuwa kama wao.

"Ni kweli," alisema. "Hautoshi. Urudiwe. Warudie watu wasionijua, wasionipenda, nitawapa kila kitu nilicho nacho mpaka viti. Wakikuta nimekosea nitasema nimekosea, hapa hapa. Lakini na mimi niulize. Wa Profesa ulirudiwa mara ngapi kabla hamjauingiza mashuleni?"

Feni ikalalamika. Profesa akavua miwani akaanza kuifuta. "Haikuhitajika," alisema. "Ulikuwa wazi."

"Basi Kipimo kisimame mpaka wangu urudiwe. Hilo tu. Watoto warudi kwa wenzao wakati watu wazima wanabishana."

Mwenyekiti alitazama karatasi zake. "Tukikisimamisha, wazazi watauliza tulikuwa tunafanya nini miaka yote hii."

"Waulize!"

"Daktari, punguza sauti."

"Sipunguzi! Kuingia kilitaka utafiti mmoja. Kutoka kinataka tafiti ngapi? Mlifungua mlango kwa kidole, mnaufunga kwa makufuli! Mtoto akigeuka mara moja mnamwandika hajiwezi. Nyie mnaambiwa geukeni mtazame mlichofanya, na hakuna hata mmoja anayegeuka. Halafu mnajiona mmefaulu!"

Walimsikiliza mpaka akamaliza, wakamshukuru, wakapiga kura. Utafiti uendelee. Kipimo nacho kiendelee, mpaka ushahidi zaidi upatikane. Kwenye ngazi Profesa alimgusa bega akasema, "Umeongea vizuri, ila hasira imekuharibia." Aliuondoa ule mkono begani kwake, pasipo heshima yoyote, na hakujutia.

Alikwenda nyumbani kwa mdogo wake miguu mizito. Kulikuwa bado na mwanga. Mdogo wake alimtazama usoni tu akajua.

"Wamekataa."

"Wamesema urudiwe tena. Na wewe unajua siwezi kusema wasirudie. Nitatafuta watu wa chuo kingine, wataanza..."

"Mwaka mwingine."

"Ndiyo."

"Unajua, dada, wale siwalaumu," alisema. "Wale hawanijui. Wewe ulikuwa unakifundisha." Akatoka nje akaubamiza mlango.

Mhadhiri alibaki amesimama sebuleni kama mgeni. Ndipo Chiriku akaja kutoka chumbani, soksi zake hazifanani, akamsalimia kwa adabu mpya ambayo shangazi yake hakuizoea. Zamani angemrukia mgongoni na kuanza stori kabla hajamshika.

"Shangazi, nikuonyeshe kitu? Sasa najua."

Akavuta kiti cha plastiki mpaka katikati ya chumba, akaketi akimpa mgongo, mikono juu ya magoti. "Simama nyuma yangu. Piga kelele yoyote."

"Hapana, mama. Si lazima."

"Piga, shangazi."

Akapiga makofi, mara moja, kidogo. Kisogo hakikutikisika. Mabega yale madogo yalikuwa yamekakamaa mpaka kola ya shati ilikuwa imesimama.

"Umeona? Piga kwa nguvu."

"Nimeona. Sasa geuka, mwanangu. Geuka unitazame."

Chiriku hakugeuka. "Mwalimu alisema hata tukiambiwa geuka, tusigeuke. Wanatujaribu tu."

"Ni mimi, shangazi yako. Sikupimi."

"Na yeye alisema hivyohivyo, nikageuka, nikakosa."

Mhadhiri alizunguka kile kiti akapiga magoti mbele yake. Mtoto alikuwa amefumba macho kabisa ili asishawishike, na kope zilikuwa zimelowa. Aliposikia pumzi ya shangazi yake usoni alifumbua jicho moja.

"Nimefaulu?"

Mwanamke aliyewafokea wakubwa na meza yao ndefu sasa alikuwa anapima neno moja. Akisema ndiyo, angekuwa amekipa Kipimo baraka zake. Akisema hapana, angemuua yule mtoto. Akamshika mikono, akaitoa magotini.

"Haukuwa mtihani, mama. Walikosea. Hukuwahi kufeli kitu."

Chiriku alifumbua na jicho la pili, akamtazama sana, kama anayehesabu jambo lisilokubali kutimia.

"Sasa kama walikosea," aliuliza, "kwa nini kesho narudi kule?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa tena. Baba yake alikuwa amesimama pale, mkono kwenye kitasa, na yeye pia alikuwa anangoja jibu.